OTP ya benki haifiki ukiwa nje ya nchi? Haya yamalize kabla hujatoka Mpanda

Mfanyabiashara wa Makanyagio anayevuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie hawezi kusahau vitu vitatu: hati ya kusafiria, simu na kadi ya benki. Lakini kinachoweza kumkwamisha huko ni kitu cha nne, ambacho hakiingii hata kwenye begi: zile tarakimu chache za OTP.

Anafungua programu ya benki, anaandika kiasi, anabonyeza kutuma. Simu inamwambia aingize namba aliyotumiwa. Anasubiri dakika moja, mbili, tano. Meseji haiji. Pesa ipo, mzigo upo, mwenye mzigo anamwangalia.

Shida hii haiko Kalemie pekee. Inamkuta anayekwenda Nakonde kupitia Tunduma, anayefuata bidhaa Kampala, Dubai au Guangzhou, aliyeko Makka kwa ajili ya hija na aliyempeleka mgonjwa India. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya shida hii inatibika ukiwa bado Mpanda mjini.

OTP inafanya kazi gani?

OTP ni namba ya siri ya kutumika mara moja tu. Ukishaitumia, au muda wake ukiisha, haina thamani tena.

PIN au nywila inaonyesha kwamba kuna kitu unakijua. OTP inaonyesha kwamba kuna kitu unacho, yaani laini yako. Mwizi akiiba PIN yako bila kuwa na laini yako, anakwama mlangoni.

Kwa Tanzania, laini ina uzito zaidi. Tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 1, 2019, laini ya raia inaunganishwa na namba yake ya NIDA. Ndiyo maana benki inaichukulia namba yako ya simu kama kitambulisho cha pili.

Ugumu unaanza pale kitambulisho hicho kinapovuka mpaka.

Meseji inapita njia gani mpaka ikufikie?

Watu wengi hudhani benki inaitupa meseji moja kwa moja kwenye simu. Hapana. Njia ni ndefu kidogo:

1. Mfumo wa benki unatengeneza namba na kuipeleka kwenye mtandao wako wa simu, mara nyingi kupitia kampuni ya kati inayosambaza meseji.
2. Kituo cha meseji cha mtandao wako hapa Tanzania kinaipokea.
3. Kituo hicho kinauliza daftari la mtandao: laini hii iko wapi sasa hivi?
4. Daftari linajibu: iko Congo, kwenye mtandao fulani.
5. Meseji inapelekwa kwenye mtandao huo wa ugenini, na wenyewe ndio unaiingiza kwenye simu yako.

Ukiwa Makanyagio, hatua hizi zinaisha kwa sekunde chache kwa sababu kila kitu kiko ndani ya nchi. Ukiwa nje, inatosha hatua moja kugoma na meseji inakwama.

Meseji iliyokwama haipotei papo hapo. Kituo cha meseji huitunza na kujaribu tena baadaye. Ndiyo maana OTP uliyoiomba mchana inaweza kuingia usiku ukiwa umeshalala, imekufa zamani.

Kwa nini inakwama?

*Romingi haijawashwa.* Romingi ni ule mpango wa laini yako kutumia minara ya mtandao wa nchi nyingine. Kuna laini ambazo huduma hii haijafunguliwa mpaka uiombe. Usipoifungua, simu ikifika ng'ambo inakuwa kama kioo cha kujitazamia: inawaka, ila haina mtandao.

*Mitandao haina makubaliano.* Mtandao wako unaweza kuwa na mkataba na kampuni moja ya nchi unayokwenda na usiwe nao na nyingine. Simu ikinasa ule usio na mkataba, hakuna kinachoingia.

*Jina lile lile si laini ile ile.* Vodacom na Airtel zipo Tanzania na zipo Congo pia. Hapa watu wengi hujichanganya. Laini ya Airtel uliyosajili Mpanda ikifika Kalemie bado ni mgeni, na bado inahitaji romingi. Kufanana kwa nembo hakuifanyi kuwa ya nyumbani.

*Meseji za benki huja kwa jina, si kwa namba.* Baadhi ya mitandao ya nje huzichuja meseji za aina hii kwa kuzihesabu kama matangazo. Matokeo yake, meseji ya shemeji inaingia vizuri, ya benki haionekani.

*Simu yenyewe imepitwa na wakati.* Nchini Marekani, kampuni kubwa za simu zilizima mitandao yao ya 3G mwaka 2022. Ukifika huko na simu ya zamani isiyotumia 4G kwa kupiga na kupokea, unaweza kukosa mtandao kabisa.

Kabla hujaondoka: mambo manane ya kukamilisha Mpanda

Kutoka Makanyagio hadi matawi ya benki mjini ni mwendo wa bodaboda. Kutoka Kalemie kurudi kwenye tawi ni boti mpaka bandari ya Karema, kisha zaidi ya kilomita 100 za barabara mpaka Mpanda. Kwa hiyo yamalize haya mapema:

1. Washa romingi. Piga 100 au nenda duka la mtandao wako. Taja nchi unayokwenda, kisha uliza mambo matatu: laini yangu itashika mtandao gani huko, kupokea meseji ni bure au kunakatwa, na natakiwa niwe na salio kiasi gani.

2. Hakikisha namba iliyoko benki ndiyo unayotembea nayo. Kuna watu waliofungua akaunti kwa laini ambayo siku hizi anaitumia mtoto wao. Kubadilisha namba kwa kawaida hutaka ufike tawini na kitambulisho.

3. Uliza njia nyingine ya uthibitisho. Benki nyingine hutuma namba kwa barua pepe pia, nyingine huthibitisha ndani ya programu yenyewe. Njia hizo zinatumia intaneti, hivyo waifai ya hotelini inatosha. Kama unatumia huduma kama SimBanking ya CRDB au NMB Mkononi, muulize mhudumu wa benki yako kinachowezekana ukiwa nje.

4. Ingia kwenye programu kabla ya safari, na usiifute. Kuingia kwa simu mpya huwa kunaamsha OTP. Kwa hiyo usinunue simu Dubai na kuihamishia benki siku hiyo hiyo huku laini ya Tanzania haishiki mtandao.

5. Waongeze mapema watu utakaowalipa. Mifumo mingi huomba uthibitisho unapomwongeza mpokeaji mpya. Akishakuwepo kwenye orodha, kazi hupungua.

6. Beba kadi inayofanya kazi nje. Kutoa pesa kwenye ATM kwa kadi na PIN kwa kawaida hakuhitaji OTP. Kama kadi yako ina nembo ya Visa au Mastercard, iulizie benki kama imefunguliwa kwa matumizi ya nje na kikomo chake kwa siku ni kiasi gani.

7. Andika namba ndefu za huduma kwa wateja. Namba fupi kama 100 ni za hapa nyumbani. Ukizipiga ukiwa ugenini, unaweza kuangukia kwa mtandao wa huko au usiende popote. Tafuta namba kamili inayoanza na +255, ya benki na ya mtandao wa simu, na uiandike kwenye karatasi pia.

8. Usitegemee menyu za nyota. Huduma zinazoanza na *150 zinaweza kugoma ukiwa kwenye mtandao wa nchi nyingine, hata kama meseji zinaingia.

Simu ya laini mbili ni mkombozi

Simu nyingi mkononi mwa Watanzania zina nafasi mbili za laini. Itumie faida hiyo.

Acha laini ya Tanzania nafasi ya kwanza, kazi yake iwe kupokea meseji za benki. Nafasi ya pili weka laini ya nchi uliyopo kwa ajili ya bando na kupiga.

Halafu nenda kwenye mipangilio, zima data ya romingi kwenye laini ya Tanzania. Kuzima data hakuzuii meseji za kawaida kuingia, kwa sababu SMS haitumii bando. Kunachokuzuia ni salio kuliwa kimyakimya na WhatsApp.

Kama unakaa nje muda mrefu, kwa mfano kikazi Oman, usiiache laini ya Tanzania ikalala. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa inaweza kufungwa, na baadaye namba hiyo ikapewa mtu mwingine. Hebu fikiria OTP zako zinaingia kwa mtu usiyemjua. Iweke salio na uitumie mara moja moja.

Umeshafika, na OTP haiji. Ufanye nini?

Kwanza, usibonyeze "tuma tena" mara kumi. Kwa kawaida ukiomba namba mpya, ile ya zamani inakufa. Zikija tano kwa mpigo hujui ipi ni hai, na ukikosea mara kadhaa akaunti inaweza kufungwa kwa usalama.

Fuata mpangilio huu:

- Washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika, kisha izime. Simu itajitambulisha upya kwenye mtandao.
- Bado? Ingia kwenye mipangilio, ondoa kuchagua mtandao kiotomatiki, kisha uchague mwenyewe mtandao mwingine wa nchi hiyo.
- Mwombe mtu wa nyumbani akutumie meseji ya kawaida. Ikiingia, romingi iko sawa na tatizo liko kwenye meseji za benki. Isipoingia, tatizo ni laini, basi wasiliana na mtandao wako.
- Omba OTP mara moja, subiri, tumia ya mwisho kuingia.
- Ikishindikana, ipigie benki kwa ile namba ndefu uliyoandika. Usitafute namba ya benki kwenye makundi ya WhatsApp au Facebook. Matapeli wanawasubiri hapo hapo watu wenye haraka.

"Mama watoto, nisomee hizo namba"

Hii ndiyo njia ya mkato inayopendwa: laini inabaki nyumbani, OTP ikiingia mke, mume au kijana wa dukani anakusomea kwa simu.

Inafanya kazi, ila ina gharama. Mabenki husema OTP haipewi mtu yeyote, na ukishaizoea njia hii umeondoa ulinzi wa pili kwa mikono yako. Pesa ikipotea, utapata kazi kueleza kwa nini namba ya siri ilikuwa kwa mtu mwingine.

Kuna hatari nyingine. Anayeshika laini yako akizoea kusoma namba kwa simu, siku tapeli akimpigia na kujifanya anatoka benki, atazisoma vile vile. Mazoea hayo ndiyo mwizi anayatafuta.

Mtandao umekatika, au laini imeibwa?

Ukiwa nje, kukosa mtandao ni jambo la kawaida, na hapo ndipo hatari inapojificha. Mwizi akifanikiwa kuihamishia namba yako kwenye laini nyingine, dalili ya kwanza unayoiona ni hiyo hiyo: mtandao umepotea.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Mwombe mtu wa nyumbani apige namba yako. Ikiita na kupokelewa na mtu mwingine, au ikiita wakati simu yako iko kimya mkononi, usisubiri. Ipigie benki wazuie akaunti, kisha mtandao wafunge laini.

Ukipoteza simu ugenini ni hivyo hivyo. Kurudisha laini hutaka alama ya kidole ya mwenye laini, kwa hiyo huwezi kumtuma mdogo wako akuchukulie. Zuia kwanza, mengine utayamaliza ukirudi.

Kabla ya safari, piga pia *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na meseji za kitapeli zikiingia ukiwa nchini, zitaarifu kupitia 15040.

SMS yenyewe inaanza kuachwa

Nchi kadhaa zimeanza kuondoka kwenye OTP za meseji. Singapore ilitangaza Julai 2024 kwamba benki zake kubwa zitaacha OTP za kuingilia kwenye akaunti kwa wateja wenye uthibitisho wa kidijitali kwenye simu. Umoja wa Falme za Kiarabu nao ulianza Julai 2025 kuziondoa OTP za SMS na barua pepe, na kuwahamishia wateja kwenye programu za benki.

Sababu ni zile zile: meseji inaweza kuchelewa, laini inaweza kuibwa, na mtu anaweza kurubuniwa akaisoma. Uthibitisho wa ndani ya programu unafungwa na simu yenyewe, unatumia alama ya kidole au sura, na haujali mnara ulioko juu yako ni wa Mpanda au wa Kalemie.

Kwa sasa wateja wengi wa Tanzania bado wanaisubiri meseji. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, fanya jaribio moja: muulize mhudumu wa benki yako, "Laini hii ikigoma nikiwa nje, pesa yangu naipataje?" Kama hakuna jibu linaloeleweka, usitegemee akaunti hiyo peke yake. Beba njia ya pili.