Nyama ya kuanika Bariadi, soseji Ujerumani: chumvi mbili tofauti

Kila baridi inapokaribia, sisi watu wa Simiyu tulioko Ujerumani hurudia swali lile lile. Nyumbani Bariadi nyama huchanwa vipande, hutiwa chumvi, huanikwa, na watu hula wakiwa salama. Kwa nini anayetengeneza soseji huku aambiwe atumie chumvi yenye nitriti? Swali hili nalichukulia kwa uzito wote, maana kubahatisha jibu lake kunaweza kuua.

Wasukuma na chumvi wanajuana tangu zamani. Kiangazi misafara ilikuwa ikikata nyika hadi Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Meatu, kuchota chumvi iliyoachwa na maji yaliyokauka. H. S. Senior aliandika habari za misafara hiyo mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama, jua na upepo humalizia kazi, na bakteria wakikosa maji hawazaliani. Zaidi ya hapo, kipande chembamba kilichoanikwa hupata hewa pande zote.

Hewa hiyo ndiyo tunayoisahau. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum huishi udongoni, na mbegu zake hustahimili hata maji yanayochemka. Hutoa sumu yake mahali penye unyevu pasipo na hewa, yaani katikati ya soseji au ya paja nene la nguruwe. Mwaka 1895 huko Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa maji ya chumvi, watatu wakafa. Chumvi ilikuwepo! Émile van Ermengem ndiye aliyembaini bakteria huyo katika nyama ile. Afrika Mashariki nayo haijasalimika: mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilieleza watu waliopatwa na sumu hii Kenya baada ya kula kumbikumbi.

Nitriti huzuia mbegu hizo zisikue na kutoa sumu. Ndiyo pia inayoipa nyama rangi ya waridi ambayo haipotei hata ikipikwa.

Sasa angalia vipimo, maana hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Chumvi ya waridi ya Marekani ina nitriti asilimia 6.25, na kilo moja ya nyama huhitaji takriban gramu mbili na nusu tu. Pökelsalz ya Ujerumani ni nyeupe, kwa kawaida ina nitriti isiyozidi asilimia 0.5, na hutiwa gramu 20 hivi kwa kilo. Ukitia gramu 20 za ile ya Marekani, umeweka gramu 1.25 za nitriti katika kilo moja: hiyo ni sumu. Ukitia gramu mbili na nusu za ile ya Ujerumani, kinga ni kama haipo. Soma pakiti, tumia mizani ya gramu, na usiiweke chumvi ya nitriti karibu na chumvi ya mezani.

Wapo wanaoikimbia nitriti kwa hofu ya saratani. Hofu hiyo ina msingi: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la visababishi vya saratani. Ushauri wangu ni kula soseji za aina hiyo mara chache. Anayetaka soseji isiyo na nitriti aitengeneze mbichi, aiweke kwenye friji na kuipika upesi, wala asiitundike wiki kadhaa ikauke.