Nduthi ya Moshi Haijakufa, Inavuta Hewa Mahali Haifai

Manze, kuna aina ya nduthi huuzwa bei ya kutupa adi unashuku imeibwa. Iko juu juu, tairi za meno, tangi limepauka, plastiki ya nyuma imeshikwa na waya. Mwenyewe anakubongea akiangalia kando: "Hii ni tustroki, buda. Mwaka jana ilikuwa inawaka kiki moja. Saa hii inataka tu fundi."

Wasee hugawanyika hapo. Kuna mwenye huhepa ju ameskia tustroki ni moshi na stresi. Alafu kuna mwenye hulipa, anaisukuma adi base, na kabla jioni ifike ashafungua injini na spana za kukopa. Huyo wa pili ndio nataka kubonga na yeye.

Msimamo wangu ni huu: tustroki mob za bei chee hazijakufa. Zinavuta hewa mahali hazifai kuvuta, na kila mtu mwenye amezishika amekuwa akitibu kitu ingine. Mmoja alibadilisha kabureta. Mwingine alichonga silinda. Wa tatu aliongeza oili kwa petroli ju aliambiwa oili mingi ndio usalama. Alafu wote watatu wakauza.

Tuchukue Yamaha DT175, ju hiyo familia bado unaeza ipata na spea zake hazijapotea. Silinda ni moja, inapozwa na upepo, upana 66 mm na stroki 50 mm, yaani 171 cc. Mkubwa wao, DT-1 ya 250 cc, alitoka 1968. Binamu yake AG100 iliundwa ya kazi ya shamba, na ukiongea na wazee wa mashinani watakuambia za ofisa wa kilimo venye zilikuwa zinapita kwa matope kama mchezo. Hizi si mashine za maonyesho. Ziliundwa zirekebishwe chini ya mti.

Sasa skia venye inapumua, ju bila hii utapoteza ganji. Boxer ya boda ni fostroki, oili yake inakaa chini ya injini na inazunguka huko. Tustroki haina hiyo. Petroli ikiwa imechanganywa na oili inaingia kwanza chini ya pistoni, ndani ya krankesi, pistoni ikishuka inaisukuma juu kwa silinda. Kwa hivyo krankesi yenyewe ni pampu. Ikiwa na kashimo kadogo, injini nzima inachizi.

Mara nyingi shimo huwa mahali tatu. Kuna sili ya kranki upande wa magneto. Hiyo ikikauka, hewa kavu inaingia na mchanganyiko unakuwa mwembamba. Utajua ju ukiachilia mafuta injini inakataa kushuka, inalia yenyewe juu juu, inapata moto haraka, alafu siku moja ukiwa umevuta mafuta barabarani pistoni inashika. Kuna sili ya upande wa klachi. Hiyo ikienda, injini inanyonya oili ya giaboksi: moshi mweupe hauishi hata ikishapata moto, plagi inalowa, na oili ya giaboksi inapungua na chini hakuna hata tone. Ya tatu ni ule mpira wa kati ya kabureta na silinda. Ukiukunja na vidole utaona nyufa, hasa upande wa chini wenye hakuna mtu huangalia.

Fundi wa boda, na simdharau ju anajua kazi yake, hajazoea kupima hii kitu. Fostroki haimdai. Ndio maana ukimpelekea atakushow tu, "Kijana yangu, leta silinda tuchonge." Muulize pole pole, "Fundi, hewa tumepima?" Akinyamaza, mpime pamoja.

Chombo chenyewe ni mashine ya kupima presha ya damu, ile ya kibofu cha kubonyeza na saa ya sindano. Si utani. Ikisoma 300 hiyo ni karibu psi 6, na ndio kiwango unataka. Ukizidisha sana unaeza ng'oa sili nzima. Toa ekzosi, kata kipande cha tyubu ya tairi, kiweke kwa tundu la silinda na bati juu, kaza na bolti zile zile. Toa kabureta, ziba mpira wake na kitu cha duara, kaza na klipu. Hapo kati pitisha paipu ya ile mashine. DT huwa na kapaipu kembamba ka oili kanaingia karibu na hapo. Kazibe pia, ama utatafuta shimo jioni nzima na ni wewe umeliacha wazi. Plagi ikae mahali pake. Zungusha kranki adi pistoni ifike chini, ndio njia za ndani zote ziwe wazi.

Bonyeza adi 300, alafu kaa. Dakika tano sindano ikisimama, injini yako iko sawa na shida ni kwingine. Ikishuka, chukua burashi na maji ya sabuni. Paka kwa mpira, kwa gasketi ya silinda, kwa kichwa. Toa gurudumu la magneto, paka kwa sili ya nyuma yake. Ya upande wa klachi huezi iona, lakini paka sabuni kwa katundu ka kupumua ka giaboksi: povu likitoka hapo, hewa inapitia sili ya ndani. Hakuna kitu tamu mtaani kama kuona hako kapovu kakifura, ju sasa unajua doo yako inaenda wapi. Sili ni spea ya bei ya chini kuliko pistoni, na kwa injini nyingi za hivi ile ya magneto inatoka bila kupasua krankesi.

Kompresheni nayo pima, lakini usipanik. Vitabu na wasee hupenda kusema psi 120 kwenda juu. Shida ni hiyo namba ni ya watu wa usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, hewa yetu ina uzito pungufu kwa karibu moja ya tano, na geji inasoma hivyo hivyo. Ukipata 100 ukiwa Kirinyaga Road, injini ikiwa na moto na umevuta mafuta yote, usikubali kuchongewa silinda na mtu. Ukipata 70, sawa, fungua.

Ikifika kuchonga, kuna mambo watu wa fostroki husahau na ndio huua hizi injini wiki ya kwanza. Nunua pistoni kabla silinda ichongwe, ju silinda inafuata pistoni. Pistoni za kuzidi hupanda kwa 0.25 mm. Nafasi ya kati ya pistoni na ukuta kwa hii 66 mm ni karibu 0.04 hadi 0.05 mm, nyembamba kuliko unywele, kwa hivyo mchongaji wa "weka tu itaingia" aachwe. Alafu, na hapa naomba usikie: silinda ya tustroki iko na madirisha kwa ukuta. Ikishachongwa, kingo za hayo madirisha zinabaki kali. Zisugue zilainike, ama ringi itanasa hapo na kukatika, na kipande chake kitamaliza kazi yote. Mshale wa pistoni unaangalia ekzosi. Mdomo wa ringi unakaa kwa kapini kake. Klipu za pini ni mpya kila mara, za zamani tupa.

Kabureta ni kuosha, basi. Jeti usizidunge na waya, ziko na saizi na ukizipanua umeharibu hesabu. Puliza na dawa ya kabureta na hewa. Foamu ya chujio ioshwe, ipakwe oili, ifinywe. Ekzosi yenye imejaa masizi itoe ule moyo wa ndani, peleka kwa mtu wa gesi auchome adi ubaki chuma. Hiyo peke yake huwa inarudisha nguvu adi mwenyewe anadhani umebadilisha injini.

Lakini jeti ina stori yake hapa Kenya. Nduthi yenye ilikuwa Mombasa ukiileta Nairobi itakohoa na kulowesha plagi, ju petroli ni ile ile na hewa imepungua. Unaweka jeti kuu ndogo kidogo, mambo yanakuwa fiti. Kinyume chake ndio noma. Umeseti ikawa tamu Nairobi, alafu mbogi inaamua kushuka Magadi, ambako ni karibu mita 600 tu. Hewa inaongezeka, mchanganyiko unakuwa mwembamba, jua linachoma, na pale chini barabara imenyooka inakuita uvute mafuta yote. Beba jeti kubwa mfukoni na uiweke kabla ya kuvuta mafuta. Ukitoa plagi iwe rangi ya kahawa. Ikiwa nyeupe, simama.

Oili sasa. 40 kwa 1 inafaa mashine nyingi za hivi: lita 5 za petroli, mililita 125 za oili ya tustroki yenye imeandikwa JASO FC ama FD. Pima na chupa ya mtoto ya maziwa, iko na mistari. Ile ya kumwaga kwa kifuniko ukikisia wacha. Na ile imani ya oili mingi ni usalama ni uongo: ukiongeza oili, petroli yenye inapita kwa jeti inapungua, na mchanganyiko unakuwa mwembamba vile vile huku plagi ikilowa. DT iko na pampu yake ya oili, lakini ikiwa imelala miaka, changanya kwa mkono tanki la kwanza adi uhakikishe pampu inatoa na hakuna hewa kwa paipu.

Petroli nunua kwa stesheni yenye unaamini. Mafuta taa kuchanganywa na petroli si hadithi. Serikali iliweka ushuru wa bob 18 kwa kila lita ya mafuta taa 2018 ju ya huo mchezo. Boda inaeza vumilia. Tustroki yako itagonga ndani kama kokoto kwa mkebe, na kichwa cha pistoni kinatoboka.

Kama umeweka ringi mpya, iwashe ipate moto, izime ipoe kabisa, rudia mara kadhaa, na matanki ya kwanza usivute mafuta yote hata kama mresh anaangalia.

Na kabla ya hayo yote, kabla hata ya kutoa mia, soma namba ya chasi pale kwa shingo na ya injini, ulinganishe na logibuku. Nyingi za hizi zilitoka kwa mnada na bado ziko kwa jina la mwenye zamani, kwa hivyo mwenye jina ndio aanzishe uhamisho kwa eCitizen ya NTSA mkiwa pamoja, na ganji itoke ikishaanza. Akisema karatasi zitakuja wiki ijayo, mwachie nduthi yake.