Mwalimu Mkali na Wanafunzi Wake wa Zamani

Wazee waliosoma shule moja wakutanapo baada ya miaka mingi, yako mazungumzo yasiyokosa. Kwanza huulizana habari za jamaa zao, kisha huwataja wenzao waliokwisha kufa, halafu mmoja hucheka na kusema, "Je, mwamkumbuka mwalimu yule?" Hapo wote huchangamka. Mwalimu aliyewaacha wacheze hawamtaji. Humtaja yule aliyekuwa mkali. Mmoja huiga sauti yake, wa pili huiga mwendo wake, wa tatu huonyesha kiganja palipoangukia fimbo. Na mwisho wa maneno yao mara nyingi ni huu: "Yule ndiye aliyetufanya watu."

Ninyi mliomo shuleni sasa mwaweza kustaajabu. Mtu aliyeogopwa kama simba, imekuwaje akumbukwe kwa shukrani? Je, fimbo ndiyo iliyowafanya watu, au liko jambo jingine? Swali hili lataka kufikiriwa vema, kwa sababu baadhi yenu mtakuwa waalimu, na wengi wenu mtakuwa wazazi, nanyi mtawalea watoto kwa kadiri mlivyoyafahamu malezi yenu wenyewe.

Amri ya msafara

Sisi wa nchi ya Tabora tunao mfano wa kale wa kutusaidia. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mali ya bara ilichukuliwa na wapagazi mpaka Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilometa 700. Mpagazi mmoja aliweza kuchukua frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, na Wanyamwezi walisifiwa kote kwa kazi hiyo.

Msafara wa watu mamia haungaliweza kufika bila amri. Mbele ya wote alikwenda kirangozi, wala hapakuwa na ruhusa ya kumtangulia. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba mtu aliyethubutu kumtangulia kirangozi alitozwa faini. Amri hiyo ilikuwa na maana, kwa kuwa kila mtu akishika njia yake, watu hupotea na mizigo huibwa.

Lakini angalieni neno moja. Kirangozi naye alikuwa mpagazi. Alichukua mzigo wake, ingawa ulikuwa mwepesi kuliko ya wengine, akakanyaga mchanga ule ule, akachomwa na jua lile lile. Watu walimfuata kwa sababu amri aliyowapa ilimpasa na yeye pia. Basi wazee wetu waliijua nidhamu kabla ya kuijua shule.

Amri ya shule za bweni

Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878, na katika miaka ya 1880 walikuwa na kituo Kipalapala, walipowalea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1925 ikafunguliwa Kipalapala seminari kubwa ya kuwafundisha mapadre. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 Serikali ya Waingereza nayo ilianzisha Shule ya Tabora, ambayo mwanzoni iliwachukua hasa wana wa watemi na wa wakubwa wengine.

Shule hizi mbili hazikuwa na kazi moja, lakini zote mbili ziliishi kwa saa. Katika seminari kengele ndiyo mtawala: huamuru watu waamke, wasali, wasome, walime, wale, na wanyamaze. Shule ya Tabora ilifuata desturi za shule za bweni za Uingereza, hata watu wakaifananisha na Eton, shule mashuhuri ya wana wa wakubwa wa huko. Wanafunzi waligawanywa katika nyumba, kila nyumba ikawa na kiranja wake, na juu ya viranja wote akawekwa kiranja mkuu.

Kwa nini shule za zamani zilikuwa kali hivyo? Kwanza, waalimu walikuwa wachache, na watoto walitoka katika makabila mengi na nchi za mbali. Ilipasa wafundishwe kuishi pamoja. Pili, fimbo ilikuwa desturi ya shule za Ulaya siku zile, na waliokuja kufundisha huku walikuwa wamechapwa wenyewe walipokuwa watoto. Tatu, watawala walitaka watu watiifu. Zamani za Wadachi watu wazima walichapwa viboko 25 mbele ya macho ya watu, na adhabu hiyo iliitwa hamsa ishirini. Katika nchi ambamo baba aliweza kuchapwa hivyo, hakuna aliyestaajabu kuona mtoto anachapwa.

Sababu tatu za shukrani

Sasa turudi kwa wazee wetu wanaomsifu mwalimu mkali. Ukiwasikiliza kwa makini mpaka mwisho, utaona kwamba humsifu kwa mambo matatu.

La kwanza, neno lake lilikuwa moja. Aliyoyakataza jana aliyakataza na leo. Aliyechelewa aliulizwa, awe mwana wa mtemi au mwana wa mpagazi. Mtoto huweza kuvumilia amri ngumu akijua kwamba haibadiliki kwa hasira wala kwa upendeleo. Asiloweza kulivumilia ni kutojua kama leo mwalimu ameamka vizuri au vibaya.

La pili, alijifunga mwenyewe kwanza. Huko Kenya waliosoma Alliance High School hawajamsahau Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu wao tangu mwaka 1940 mpaka 1962. Ukali wake ulijulikana kote. Lakini mtu huyo alikuwa amefundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaiacha heshima ile akaja kufundisha watoto huko Maseno mwaka 1928. Alipostaafu hakurudi kwao kupumzika, bali alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, mjini Nairobi, hata alipofariki mwaka 1966. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance tangu mwaka 1955 mpaka 1958, alimweka mwalimu huyo katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotolewa mwaka 2012, baada ya miaka zaidi ya hamsini. Mtu akumbukwaye muda wote huo hakukumbukwa kwa fimbo tu.

La tatu, ukali wake ulikuwa dalili ya tumaini. Mwalimu akurudishiaye kazi yako mara tatu akisema, "Hii si yako, unaweza kufanya vizuri kuliko hivi," huyo amekuona ulivyo na utakavyokuwa. Asiyekutumaini hukuacha na makosa yako.

Basi tazameni: katika mambo haya matatu fimbo haimo. Fimbo ilikuwapo shuleni siku zile zile, katika mkono ule ule, na kwa hiyo kumbukumbu za wazee zimevifunga vitu vyote pamoja. Mwarobaini ni dawa, tena ni mchungu. Lakini mtu akidhani kwamba uchungu ndio uponyao, atakunywa kila kitu kichungu, na siku moja atakunywa sumu.

Wasiokuja kusimulia

Liko jambo jingine linalosahauliwa. Aliyefika Bagamoyo salama ndiye aliyerudi Unyanyembe kusimulia safari, na watoto wakamsikiliza wakatamani kuwa wapagazi. Aliyeanguka njiani hakurudi kusimulia. Ndivyo ilivyo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani. Wanaokuja ni wale waliomaliza masomo, wakapata kazi na heshima. Aliyeitoroka shule kwa hofu, au aliyeacha kuuliza maswali kwa sababu aliyeuliza alichapwa, huyo hayumo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kama twataka kujua faida na hasara ya ukali, yatupasa kumfikiri na huyo asiyekuwapo.

Tena wako waliomaliza shule, wakafanikiwa, wala hawakushukuru. Mwandishi wa hadithi za watoto Roald Dahl alisoma katika shule za bweni za Uingereza, kisha akaja kufanya kazi Dar es Salaam kabla ya vita vya mwaka 1939. Katika kitabu chake kiitwacho Boy, kilichotolewa mwaka 1984, alieleza jinsi wavulana walivyochapwa, na kwamba jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote. Wakati huo alikuwa mzee anayekaribia miaka 70, mwenye sifa duniani kote. Maumivu ya mwili yalikwisha katika juma moja. Uchungu wa kuonewa ulidumu zaidi ya miaka 50.

Kijana aliyeonekana mpole mno

Katika Shule ya Tabora aliingia mwaka 1937 kijana mmoja kutoka Butiama, aitwaye Julius Nyerere. Alipenda vitabu, alipenda kushindana kwa hoja, na alitaka kuwa wa kwanza katika mitihani. Akafanywa kiranja wa nyumba. Kisha waalimu wakashauri awe kiranja mkuu, lakini mwalimu mkuu akakataa, kwa kuwa alimwona kijana huyo ni mpole mno kwa kazi ile.

Fikirini neno hili. Katika shule ile kiongozi alipaswa kuogopwa, na upole ulihesabiwa kuwa kasoro. Hata hivyo kijana huyo alikwenda Makerere mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mpaka mwaka 1949, na katika siku hizo aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Mwaka 1961 akaiongoza nchi kuingia katika uhuru, na watu hawakumpa jina kubwa kuliko lile la Mwalimu.

Wala msidhani kwamba upole wake ulikuwa kukosa ukali. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakasema pia kwamba wakubwa wa Serikali wanapokea mishahara mikubwa. Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Wengi wao wakapokewa tena baadaye. Watu hata leo hubishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Lakini wakati ule ule alikubali kwamba neno la mishahara lilikuwa la kweli, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu moja ya tano. Hapo twamwona tena kirangozi: aliwatwika wengine mzigo, na yeye mwenyewe akajitwika.

Sheria na methali

Siku hizi nchi jirani zimekwisha kuamua. Kenya iliipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001, na Uganda ikafanya vivyo hivyo kwa sheria ya mwaka 2016. Uingereza yenyewe, iliyotuletea desturi ya viranja na nyumba, iliacha kuchapa watoto katika shule za serikali mwaka 1987. Kwetu Tanzania bara fimbo haikuondolewa, bali imewekewa mipaka: isizidi mara nne, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa ruhusa naye kwa maandishi, tena adhabu hiyo iandikwe katika kitabu. Mwalimu achapaye ovyo kwa hasira huvunja sheria, hata akiwa na nia njema.

Wako watakaosema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Ni kweli. Lakini methali hii yatuonya tusiogope kumkataza mtoto lililo baya. Haikutuambia tukitafute kilio chake. Na wako watakaosema, "Samaki mkunje angali mbichi." Hiyo nayo ni kweli, lakini samaki hukunjwa kwa mkono, hakunjwi kwa nyundo.

Basi mwanafunzi, utakapokuwa mzee na kuwasimulia wajukuu wako habari za mwalimu wako mkali, msifu kama alistahili kusifiwa. Lakini sema ni kwa sababu gani. Sema kwamba alifika shuleni kabla yako. Sema kwamba hakupendelea mtu. Sema kwamba alikuona waweza ulipodhani huwezi. Usiwaambie kwamba fimbo ndiyo iliyokufanya mtu, wasije wakachukua fimbo wakaacha mengine.

Maswali

1. Kwa nini wapagazi walikubali kumfuata kirangozi?
2. Taja mambo matatu ambayo kwayo wanafunzi wa zamani humsifu mwalimu mkali.
3. Ni nani wasiokuja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani? Kwa nini yafaa kuwafikiri?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti ya ukali na uonevu.