Vinyago vya mitungi vyatusuta

Wazee wetu walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ni neno la busara, wala sina ubavu wa kulipinga. Lakini yuko fundi mmoja huko Benin, Afrika Magharibi, ambaye kazi yake imenifanya nilifikirie upya.

Jina lake Romuald Hazoumè. Alizaliwa mjini Porto-Novo mwaka 1962, katika ukoo wa Wayoruba, watu wenye sifa ya vinyago tangu kale. Ngoma yao ya Gelede, inayochezwa kwa vinyago vya mti kuwaenzi akina mama, ni mashuhuri hata UNESCO imeitia katika orodha ya turathi za walimwengu. Basi mtu angetazamia Hazoumè ashike patasi na gogo kama waliomtangulia. Hakufanya hivyo. Yeye aliokota mtungi wa plastiki.

Mtungi huo, msomaji, waujua. Ni nduguye ule wa lita 20 wanaousukuma wauza maji kwa mikokoteni katika vichochoro vya Mombasa. Kule Benin hutiwa petroli ya magendo itokayo nchi jirani ya Nigeria. Waendesha pikipiki huifunga mitungi mbele, nyuma na ubavuni, wakaenda mbio huku wameyabeba mauti yao. Na ili mtungi uchukue zaidi, huotwa motoni mpaka ukavimba. Ukivimba, ngozi yake huwa nyembamba. Hutumikishwa hivyo hivyo mpaka upasuke, kisha hutupwa jaani.

Hapo ndipo kazi ya Hazoumè huanza, na ameifanya tangu miaka ya 1980. Huukata mtungi akaugeuza: mdomo wake ukawa kinywa, mkono wake ukawa pua. Juu yake hutia nywele za brashi kuukuu, nyuzi za umeme, vitambaa, manyoya na kauri. Mara uso umetokea, nawe waweza kuapa kwamba mwenyewe wamjua. Amepata kueleza kwamba takataka hizi zatoka kwa mataifa tajiri, naye anawarudishia mali yao.

Nilipokuwa chuoni, maalim wetu alitukanya tusichore chenye roho, maana Siku ya Kiyama mchoraji ataambiwa akipulizie uhai alichokiumba, naye hataweza. Ndiyo sababu mafundi wetu wa Lamu walichonga milango kwa maua na minyororo, wasichonge nyuso. Leo sitaki kubishana na maalim wangu. Nasema tu kwamba nimekua nikiuona mnyororo ule wa mlangoni kuwa ni pambo, na Hazoumè ndiye aliyenifanya niutazame tena.

Kazi yake kubwa, aliyoishughulikia tangu 1997 hadi 2005, yaitwa La Bouche du Roi, yaani Kinywa cha Mfalme. Ni jina la mahali hasa, pale Mto Mono unapoingia baharini, ambapo watu walipakiwa merikebuni wakauzwa ng'ambo. Hazoumè alipanga sakafuni vinyago 304 vya mitungi, bega kwa bega, kwa mfano wa ule mchoro maarufu wa merikebu Brookes ya Liverpool, uliochapishwa mwishoni mwa karne ya 18 na waliopinga biashara ya watumwa. Mna harufu ya viungo na tumbaku. Mna chupa za pombe, ushanga na kauri, vitu ambavyo kwavyo mwanadamu alinunuliwa. Mwasikika na sauti za watu. Makumbusho ya British Museum iliinunua mwaka 2007, miaka 200 baada ya Bunge la Uingereza kuipiga marufuku biashara hiyo.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Miongoni mwa vinyago hivyo viko viwili vyenye cheo: kimoja cha gavana wa Kizungu, cha pili cha mfalme wa Kiafrika. Chombo kimoja chawabeba wote wawili. Hazoumè hakumwonea haya mkubwa wa kwao.

Je, sisi wa Pwani? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Katika pwani yetu ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Kengele ya Frere Town, palipokaa watumwa walioachwa huru, imeliachia jina mtaa wa Kengeleni, nasi hupita hapo kila siku kwa matatu. Habari za Mreno na ngome yake twazisimulia kwa ufasaha. Zikifika habari za babu zetu waliovaa kanzu wakauza na kununua watu, vinywa vyetu huwa mitungi iliyozibwa. Na wengi wetu ni wajukuu wa pande zote mbili.

Ikiwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, basi hatuna udhuru wa kutokitazama.

Asubuhi ya leo muuza maji aliniteremshia mitungi miwili mlangoni. Nikauangalia mdomo wa mmojawapo, wazi kama wa mtu aliyekatizwa maneno, nikakawia kuumimina.