Sheria za Bangi ya Tiba: Je, Zinamlinda Mgonjwa?

Makala hii imetokana na swali nililoulizwa likizo iliyopita. Jumuiya yetu ndogondogo ilikuwa imekwenda kusali kwa mama mmoja anayeugua saratani. Watu walipoanza kutawanyika, aliniita karibu na kitanda. Binti yake anaishi California, Marekani, na alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba huko bangi ni dawa, inauzwa dukani, na kuna msafiri anayekuja Desemba ambaye angeweza kubeba chupa ya mafuta yake. "Frateri," akaniuliza, "kama huko wameruhusu, kosa liko wapi? Na nani atanikamata mimi mgonjwa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku chache nisome. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaandika kwa sababu naamini si yeye peke yake anayejiuliza.

Wananchi walipiga kura

Marekani ni muungano wa majimbo (hapa jimbo si la Askofu), na kila jimbo lina bunge na sheria zake. Juu yake ipo serikali ya shirikisho yenye sheria zake pia. Chini yake zipo wilaya na miji, nazo zina kanuni zake. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anaishi chini ya mamlaka tatu kwa wakati mmoja.

Novemba 1996 wananchi wa California walipiga kura na kupitisha sheria iliyojulikana kama Pendekezo 215. Ilisema kwamba mgonjwa, au mtu anayemtunza, akiwa na pendekezo la daktari, hataadhibiwa na jimbo kwa kumiliki au kulima bangi kwa ajili ya tiba. Angalia neno "pendekezo". Daktari haandiki cheti cha dawa, kwa sababu sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika kundi la dawa zinazobanwa kuliko zote. Anachoruhusiwa ni kumwambia mgonjwa kwamba inaweza kumsaidia. Hata hilo lilipingwa, mpaka mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoamua mwaka 2002 kwamba daktari asinyang'anywe leseni kwa kutoa ushauri tu.

Ngao yenye matundu

Je, sheria hiyo ilimzuia polisi asimkamate mgonjwa? Hapana. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya California ilieleza kwamba Pendekezo 215 ni utetezi mahakamani, si kinga dhidi ya kukamatwa. Mgonjwa angeweza kuchukuliwa nyumbani kwake, kisha akaonyesha pendekezo la daktari na kuomba kesi ifutwe. Kwa mtu mzima wa afya hilo ni usumbufu. Kwa mtu anayetapika baada ya tiba ya saratani, usiku mmoja mahabusu ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana bunge la jimbo lilitunga sheria nyingine mwaka 2003, iliyoanzisha kitambulisho cha hiari cha mgonjwa. Mwenye kitambulisho hapaswi kukamatwa akiwa ndani ya kiwango kilichowekwa: gramu kama 227 za bangi kavu, na mimea 6 iliyokomaa au 12 michanga. Vitambulisho vilitakiwa kutolewa na wilaya. Wilaya za San Diego na San Bernardino zilikataa, zikaenda mahakamani na kushindwa. Wakati viongozi wakibishana, mgonjwa wa wilaya hizo alibaki bila karatasi ambayo jirani yake wa wilaya nyingine alikuwa nayo.

Miji nayo ilikuwa na neno lake. Mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba mji unaweza kupiga marufuku maduka ya bangi ya tiba ndani ya mipaka yake. Hivyo mgonjwa alikuwa na haki ya kuitumia, lakini pengine hana mahali pa karibu pa kuipata. Tangu 2024 miji hairuhusiwi tena kuzuia mgonjwa kupelekewa nyumbani.

Na kazini? Mwaka 2008 mahakama hiyo ilisema mwajiri ana haki ya kumwachisha kazi mtu aliyepimwa na kukutwa na bangi, hata kama aliitumia kwa ushauri wa daktari kwa maumivu ya mgongo. Ilichukua miaka 16 zaidi kabla sheria mpya haijaanza kuwalinda wafanyakazi wengi wanaoitumia nje ya saa na mahali pa kazi.

Mimea 6 ya Diane Monson

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Agosti 2002. Askari wa wilaya na maofisa wa shirikisho walifika nyumbani kwa Diane Monson, mgonjwa wa mgongo. Askari wa wilaya walikagua wakaridhika: mimea yake 6 ilikuwa halali kwa sheria ya California. Maofisa wa shirikisho hawakukubali. Baada ya mvutano wa saa tatu waliing'oa yote.

Yeye na mgonjwa mwenzake, Angel Raich, walikwenda mahakamani. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba sheria ya shirikisho inabaki na nguvu hata pale jimbo linaporuhusu. Tangu mwisho wa 2014 Bunge la Marekani limekuwa likizuia fedha za Wizara ya Sheria zisitumike kuvuruga sheria za majimbo za bangi ya tiba. Lakini zuio hilo limo ndani ya bajeti, na bajeti huja na kupita. Tena halimsaidii mgeni: asiye raia anaweza kukwama katika maombi yake ya uraia kwa sababu ya bangi, hata kama jimbo lake linairuhusu. Watanzania wenzetu walioko huko walijue hilo.

Fundisho kwetu

Darasani tunajifunza kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya jamii na kutangazwa. Nilidhani kutangazwa ni jambo dogo. Sasa naona uzito wake. Mamlaka mbili zikimtangazia mgonjwa mambo mawili yanayopingana, hajui atii lipi, na mzigo wa mgongano wao anaubeba yeye, aliye dhaifu kuliko wote.

Kanisa halijafunga mlango wa tiba. Katekisimu inakataza matumizi ya dawa za kulevya isipokuwa kwa sababu za tiba hasa. Pia inaruhusu kutuliza maumivu ya anayekaribia kufa, hata pale dawa inapoweza kufupisha siku zake, mradi kifo chenyewe hakikusudiwi. Lakini dhamiri ya Mkristo haiwezi kumtwisha mwingine hatari. Ruhusa ya California inaishia mpakani mwa California. Hapa Tanzania bangi imekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu ya kuiingiza nchini ni nzito. Chupa ile ingemweka hatarini msafiri, binti, na mama mwenyewe.

Nilirudi kwake nikamweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Frateri. Lakini usiku sijalala." Hapo nilitambua kwamba nilikuwa nimejibu swali la sheria na kuliacha la maumivu. Nikamuuliza kama aliwahi kumweleza daktari kiasi cha maumivu yake. Hakuwahi, alidhani kulalamika ni kukosa imani. Wala hakujua kwamba mofini ya kunywa ni dawa halali nchini, na hutolewa kwa wagonjwa wa saratani chini ya uangalizi wa hospitali.

Wiki iliyofuata mwanawe alimpeleka hospitali, safari hii akiwa ameandika kwenye daftari saa zote ambazo maumivu yalimwamsha. Ndugu msomaji, ukienda kumtembelea mgonjwa, mwulize kama anapata usingizi. Akikujibu hapana, msindikize akamwambie daktari.