Namba 142857 na Hoja ya Kiswahili Darasani

Ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwa baadhi ya wasomi wetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali tu, na kwamba kikifika mlangoni mwa hisabati hupiga hodi kikakosa mwenyeji. Mimi ni mwanaisimu, wala si mwanahisabati. Hata hivyo, naomba tuipime dhana hiyo kwa namba moja tu: 142857, yaani laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba.

Izidishe kwa 2, utapata 285714. Kwa 3, ni 428571. Kwa 4, 571428. Kwa 5, 714285. Na kwa 6, 857142. Tarakimu ni zile zile sita, nazo zafuatana kwa mpangilio ule ule. Kinachobadilika ni ile inayotangulia, mithili ya wachezaji walio duarani wakipokezana uongozi. Ukizidisha kwa 7, duara lavunjika: 999999. Isitoshe, ukiikata namba hiyo katikati na kuyajumlisha mapande yake, 142 na 857, utapata 999.

Je, huu ni uchawi? Hasha! Siri imo katika subui, neno letu la kale lenye maana ya sehemu moja ya saba. Gawanya 1 kwa 7, nawe utapata desimali isiyokoma: 0.142857142857 na kuendelea. Tuifuate hesabu hiyo, tukiongeza sifuri kwa kila baki kama ilivyo desturi. Kumi kwa saba ni 1, yabaki 3. Thelathini ni 4, yabaki 2. Ishirini ni 2, yabaki 6. Sitini ni 8, yabaki 4. Arobaini ni 5, yabaki 5. Hamsini ni 7, yabaki 1, nasi tumerejea tulikoanzia. Sifuri ikiwekwa kando, mabaki ya kugawa kwa 7 ni sita tu, na hapa kila moja limejitokeza. Kwa hivyo, subui tatu huanzia pale baki lilipokuwa 3, na ndiyo sababu tunapata 428571.

Atakayesema kwamba maneno haya ni ya kukopa hatakosea. Sita na saba yana asili ya Kiarabu. Laki ilitoka Bara Hindi. Moja, mbili na nane ni ya Kibantu. Lakini ni lugha gani isiyokopa? Muhimu ni kwamba maelezo yameeleweka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali hisabati shuleni mwetu bado hufunzwa kwa Kiingereza. Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Nasema mwanafunzi aliyekariri jibu bila kujua sababu yake aruhusiwe kuuliza “kwa nini” kwa Kiswahili, naye mwalimu asione haya kumjibu kwa lugha iyo hiyo.