Kodi Inapokula Unga

Katika mitaa ya mabati ya Nairobi, kama vile Mukuru, Korogocho na Kibera, njaa na shida ya makazi hazitenganishiki, kwa kuwa fedha za kibarua zinazotakiwa kununua unga wa leo ndizo hizohizo zinazotakiwa kuwekwa kando mpaka mwisho wa mwezi kwa ajili ya kodi ya chumba. Mwenye nyumba asipolipwa huweza kufunga mlango kwa kufuli lake, au hata kuezua mabati ili mpangaji aondoke mwenyewe, ilhali tumbo hudanganywa kwa uji mwepesi siku kadhaa bila jirani kujua. Ndiyo maana kaya nyingi hupunguza chakula kwanza, na mpita njia anayeona familia imo chumbani mwake hudhani kwamba haina shida.

Usalama wa chakula, kwa maana iliyokubaliwa katika mkutano wa kilele uliofanyika Rome mwaka 1996, ni hali ya watu wote, wakati wote, kuweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Maneno ya kuzingatiwa hapo ni "wakati wote", kwani anayenunua mafuta ya kupima na unga wa kadogo, yaani kiasi kidogo cha kumaliza siku, hana akiba ya kesho, na mara nyingi kwa kipimo kilekile hulipa zaidi ya mwenye uwezo wa kununua mfuko mzima. Kuhusu makazi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi kwenyewe, huihesabu kaya kuwa ya mtaa wa mabanda ikikosa maji safi, choo, jengo imara, nafasi ya kutosha au uhakika wa kutofukuzwa. Chumba kinacholaza zaidi ya watu 3 kimekwisha kuvuka mpaka huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, imeyataja makazi ya kufaa na kutokuwa na njaa kuwa haki za kila mtu, lakini kati ya maandishi hayo na sufuria ya jioni pana umbali mrefu.

Umbali huo ndio ambao makanisa hujaribu kuupunguza, na kwa upande wa Wakatoliki chombo kilicho karibu zaidi na mlango wa mwenye shida ni jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976, waliazimia kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya vikundi vya majirani wachache wanaosali pamoja nyumbani kwao, badala ya kutegemea parokia kubwa ambamo mtu hupotea katika umati. Kikundi hukutana kila wiki kwa zamu katika nyumba za wanajumuiya, husoma Injili, kisha hugeukia mambo ya mtaa: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hajaonekana. Swali hili la mwisho lina uzito zaidi kuliko linavyosikika, kwa sababu aliyeachishwa kazi huacha kuhudhuria kwa aibu ya kukosa mchango kabla hajathubutu kuomba.

Jumuiya inayofanya kazi yake vizuri haimngoji aje. Huwatuma watu wawili wamtembelee, na kama wamekuta jiko limezima, unga, maharagwe na sukari hupelekwa jioni bila tangazo, huku wazee wakienda kuzungumza na mwenye nyumba ili deni lilipwe kwa awamu. Utaratibu wa kumfuata maskini kwake una historia ndefu. Mwaka 1833 Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake wa Paris walianzisha chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kwa kuzitembelea familia majumbani mwao. Uzuri wake ni kwamba mgeni aliyekaa kwenye kigoda cha mwenyeji huona mambo ambayo foleni ya msaada huyaficha, na huona pia kwamba gunia la unga, kwa familia inayodaiwa, ni msaada wa kodi, kwa maana fedha ambazo zingenunua chakula sasa zinaweza kumfikia mwenye nyumba.

Hata hivyo, wanaochanga ni wapangaji wa mabanda yaleyale, na mfuko wao huisha upesi mvua au moto ukiharibu mtaa mzima. Hapo parokia na Caritas, mtandao wa huduma za hisani wa Kanisa, hazina budi kuingia. Upo pia udhaifu mzito zaidi. Familia iliyofukuzwa huhamia mtaa mwingine, na kwa kuhama huko huipoteza jumuiya iliyoijua, wakati ambapo inaihitaji kuliko wakati wowote. Ikifika ugenini, viongozi wa jumuiya mpya hudai barua kutoka kwa jumuiya ya awali, jambo la kawaida mtu anapotaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa. Lakini waliofukuzwa usiku hawakupata nafasi ya kuiomba, na wakati barua ikisubiriwa, watoto hulala njaa.